KITI CHA KURITHI: LORD DELAMERE NA SISI WATU WA RELI

Ndugu wanachama,

Basi likisimama Naivasha, abiria hushuka kunyoosha miguu na kununua maziwa mahali panapoitwa Delamere. Kondakta huliita jina hilo kama anavyoita Gilgil au Kikopey, wala hakuna anayeuliza huyo Delamere alikuwa nani. Juzi, tulipokuwa tukingoja zamu hapa Nakuru, mwenzetu mmoja aliuliza. Mwingine akajibu upesi: "Ni yule Mzungu aliyeleta ngano na maziwa. Bila yeye Bonde hili lingekuwa nyasi tupu mpaka leo." Watu wakaitikia kwa vichwa, chai ikanywewa, maneno yakaisha.

Sisi hatukuridhika. Hatuandiki ili kumtukana marehemu, maana maiti hajibu. Twaandika kwa sababu mwezi ujao tawi letu linachagua viongozi, na maisha ya Bwana huyu yana fundisho kwa kila mtu atakayekamata karatasi ya kura. Basi msomeeni na yule asiyejua kusoma.

BWANA HUYU ALIKUWA NANI?

Jina lake la kuzaliwa ni Hugh Cholmondeley. Alizaliwa Uingereza mwaka 1870. Baba yake alikufa mwaka 1887, na kijana huyo wa miaka 17 akawa Lord Delamere wa tatu. Liangalieni vizuri neno hilo "wa tatu". Hakuchaguliwa na mtu. Hakufanya mtihani. Hakupanda cheo kama sisi tunavyopanda, kutoka gengi la njia mpaka unyapara, mwaka baada ya mwaka. Cheo kilimwangukia kama embe linavyomwangukia mtu aliyelala chini ya mwembe. Na kwa desturi ya Uingereza ya siku zile, cheo hicho hakikuwa jina tu. Kilimpa haki ya kuketi katika Bunge la Malodi mjini London mara atakapotimiza miaka 21, na kutunga sheria mpaka kufa kwake. Akifa, kiti ni cha mwanawe.

Alianza kuja Afrika mwaka 1891 kuwinda simba katika nchi ya Wasomali. Mwaka 1897 msafara wake ulifika nyanda za juu za Kenya, akaona majani na maji, akatamani. Mwaka 1903 akaja kukaa.

Wakati huo reli ilikuwa imekwisha kufika Kisumu, tangu Desemba 1901. Ililipiwa na hazina ya Uingereza, ikajengwa kwa mikono ya vibarua wa Kihindi na ya Waafrika. Wahindi peke yao walikufa watu wapata 2,500. Serikali ikaona njia ni ndefu na mizigo haipo, ikawaita Wazungu waje kulima kandokando ya mataruma. Ndugu wa reli, msilisahau jambo hili. Masetla hawakuleta reli. Reli ndiyo iliyowaleta masetla.

HESABU YA EKA

Bwana Delamere alipewa pale Njoro eka 100,000 kwa mkataba wa miaka 99. Kodi yake ilikuwa pauni 200 kwa mwaka, na sharti la kutumia pauni 5,000 juu ya shamba katika miaka mitano ya kwanza. Tufanye hesabu, kwa kuwa shule ya misheni ilitufundisha kugawanya. Siku zile pauni moja ilikuwa rupia 15. Pauni 200 ni rupia 3,000. Ukizigawa kwa eka 100,000, kila eka inalipiwa senti 3 za rupia kwa mwaka mzima.

Katika miaka hiyo hiyo ya mwanzo, kodi ya nyumba ya Mwafrika ilipandishwa mpaka ikafika rupia 3. Basi mzee mwenye kibanda kimoja cha nyasi alilipa serikalini sawasawa na kodi ya eka 100 za Bwana. Mzee mwenye wake watatu na nyumba tatu alilipa kodi ya eka 300, na eka hizo hakuwa nazo.

Na nchi yenyewe ilikuwa ya nani? Katika bonde hili Wamasai walikuwa wakilisha ng'ombe wao. Mwaka 1904 waliwekewa mkataba, wakatolewa Naivasha na Nakuru, wakagawanywa, wengine Laikipia na wengine kusini ya reli. Waliahidiwa kwamba mambo hayo yatadumu maadamu kabila lao lipo duniani. Kabila lingalipo, lakini ahadi haikumaliza miaka kumi. Mwaka 1911 ukaja mkataba wa pili, na Laikipia nayo ikatwaliwa. Wamasai wakaenda kortini kama watu wastaarabu. Mwaka 1913 wakaambiwa kwamba korti haina uwezo wa kusikiliza shauri la mikataba hiyo. Wale waliosoma Biblia wanakumbuka Nabothi na shamba lake la mizabibu. Tofauti ni kwamba Ahabu aliadhibiwa. Huku kwetu Bwana aliongezewa Soysambu, kando ya ziwa la Elmenteita, maelfu kwa maelfu ya eka.

KITI NAIROBI

Sasa tufike kwenye siasa yake. Mwaka 1907 Baraza la Kutunga Sheria lilianzishwa Nairobi, na Delamere akateuliwa kuwa mmoja wa wajumbe wasio wa serikali. Kumbe mtu mmoja ana haki ya viti viwili, kimoja London kwa damu ya baba yake, na kimoja Nairobi kwa kuwa ana mashamba makubwa. Mwafrika hakuwa na kiti hata kimoja. Mwaka 1924 tuliwekewa mmishenari mmoja atusemee. Mwafrika wa kwanza, Bwana Eliud Mathu, aliingia mwaka 1944. Tangu 1907 mpaka 1944 ni miaka 37. Wazee wetu walisema: asiyekuwapo na lake halipo. Na tuone basi mambo yaliyofanyika tulipokuwa hatupo.

Kwanza, mwaka 1908. Masetla walilalamika kwamba kanuni za serikali zinawalinda mno vibarua, na vibarua hawapatikani. Delamere akawaongoza kwa miguu mpaka nyumbani kwa Gavana Sadler, wakapiga makelele mlangoni mwake. Adhabu yake? Alisimamishwa katika Baraza kwa muda, kisha akarudi kitini.

Pili, mwaka 1912 na 1913 serikali iliweka tume ya kuuliza habari za vibarua. Delamere alitoa ushahidi mbele yake, na maneno yake yakaandikwa. Maana yake ni hii: kama kila Mwafrika atakuwa na ardhi ya kumtosha, haja ya vibarua haitatimizwa kamwe. Ndugu, lisomeni jambo hilo mara mbili. Hakusema Mwafrika ni mvivu, kama walivyosema wengi. Alijua kwamba mtu mwenye shamba lake ana akili ya kutosha kukataa mshahara mbaya. Dawa aliyoitaka ilikuwa kulipunguza shamba la Mwafrika. Yeye mwenye eka zaidi ya 100,000 aliona hatari ipo katika eka chache za mwenziwe.

Tatu, baada ya vita ya kwanza kililetwa kipande. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1915, na ikaanza kutumika katika 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika alichukuliwa alama za vidole, akavishwa shingoni kile kikebe cha bati kama ng'ombe wa mnada. Mwaka 1920 Wazungu wakapewa kura. Hawakutimia watu 10,000, wanaume, wanawake na watoto, wakapewa viti 11. Delamere akachaguliwa kuwa mjumbe wa Bonde la Ufa, maana yake sisi na watoto wetu tulikuwa ndani ya jimbo lake, nasi hatukuwa na kura. Alikikalia kiti hicho mpaka kifo chake. Mwaka 1921 masetla wakapatana kupunguza mshahara wa Mwafrika kwa theluthi moja. Aliyepata shilingi 9 sasa apate 6.

MIZANI MIWILI

Hapa tunaomba mtulie. Mnakumbuka adhabu ya Delamere kwa kumpigia Gavana makelele. Sasa tazameni ya wengine.

Harry Thuku alisema wazi kwamba kipande na kupunguzwa mshahara ni dhuluma. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye watu walikusanyika mbele ya kituo cha polisi Nairobi kumdai, mikono mitupu. Wakapigwa risasi. Serikali ilisema waliokufa ni 21, na wengine walisema ni wengi kuliko hao. Thuku akapelekwa Kismayu, akakaa uhamishoni miaka minane na zaidi.

Mwaka 1923 masetla wakaogopa kwamba Wahindi watapewa haki sawa nao. Wakafanya shauri la siri la kumteka Gavana na kushika reli na simu. Ndiyo, ndugu, reli hii hii yetu. Uasi ulio wazi kuliko huo ni upi? Walinyongwa? Walifungwa? Waliitwa London kuzungumza, na Delamere akaenda pamoja na ujumbe wao, akapokewa kama bwana. Serikali ya Uingereza ikaandika mwaka huo kwamba katika Kenya maslahi ya Waafrika ndiyo yatakayotangulia. Maneno mazuri. Lakini mashamba yakabaki kwa wenyewe, kipande kikabaki shingoni, na mwaka 1925 Delamere akawakusanya wenzake kule Tukuyu, Tanganyika, kutafuta njia ya kuunganisha nchi za Afrika ya Mashariki chini ya Wazungu waliokaa huku.

Mwaka 1947 Chege Kibachia aliongoza wafanya kazi wa Mombasa katika mgomo mkuu, na watu wa reli walikuwamo. Hakumteka mtu. Alidai mshahara. Akahamishiwa Kabarnet. Mwaka 1950 Makhan Singh, mjenzi wa vyama vya wafanya kazi, alitiwa kizuizini, akatoka mwaka 1961. Miaka 11 kwa ajili ya kusema mfanya kazi aungane na mwenziwe.

Na Delamere je, hakuungana na wenziwe? Aliungana kabla ya kumaliza kujenga nyumba! Mara alipofika nchini alikuwa mkuu wa chama cha wakulima Wazungu. Baadaye masetla wakaunganisha vyama vyao vyote, na mkutano wao ukaitwa bunge la masetla. Walijua umoja ni nguvu, wakautumia. Walichochukia ni mtu mwingine kuujua.

WANAOSEMA ALILETA NGANO

Haki ni haki, hata kwa adui. Delamere hakuwa mtu wa kulala. Mwanzoni aliishi Njoro katika nyumba ya udongo. Kondoo wake walikufa kwa kuwa majani ya Njoro hayakuwafaa, ng'ombe wake wakafa kwa maradhi, na ngano yake ikaliwa na kutu. Hakukata tamaa. Alimwajiri mtaalamu achanganye mbegu mpaka ikapatikana ngano iliyostahimili kutu. Mwaka 1908 alikuwa miongoni mwa walioanzisha kampuni ya Unga. Aliingiza mali yake yote katika nchi hii, akakopa. Hayo ni kweli, nasi twayakubali.

Lakini twauliza. Nani alishika jembe la ng'ombe? Nani alichunga wale kondoo usiku wa baridi ya Elmenteita? Nani alipakia magunia katika mabehewa pale stesheni ya Njoro? Mtu mmoja hawezi kulima eka 100,000 hata akizaliwa lodi mara kumi.

Tena, angalieni ni nani aliyeruhusiwa kujaribu na kushindwa. Bwana alishindwa mara tatu, na kila mara ardhi yake ikamdhamini kwa mkopo mpya. Mwafrika alikatazwa hata kujaribu. Kahawa, kwa miaka mingi, alinyimwa ruhusa ya kuipanda. Mahindi ya masetla ya kwenda ng'ambo yalipewa nauli ya chini katika reli, na njia za kwenda mashambani kwao zikajengwa, hii ya Solai na ile ya kutoka Gilgil kwenda Thomson's Falls, ambayo sasa ni Nyahururu. Kwa hiyo tusiseme "bila yeye bonde lingekuwa nyasi". Tuseme: yeye alipewa ardhi, mkopo, nauli na kiti cha kutunga sheria, kisha akalima. Mpe mtu yeyote wa Rongai au Molo vitu hivyo vinne, na umngoje mavuno mawili.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu siku ya tatu alitupa sisi jembe, akashika daftari.

SANAMU ILIONDOKA, KITI KIKABAKI

Delamere alikufa Novemba 1931, akazikwa Soysambu. Uongozi wa masetla ukashikwa na Lord Francis Scott wa Rongai, mtoto wa ukoo wa kidyuki. Mwaka 1939 Delamere akajengewa sanamu katika barabara kuu ya Nairobi iliyoitwa kwa jina lake. Tulipopata uhuru mwaka 1963 sanamu iling'olewa ikapelekwa Soysambu, na barabara ikaitwa Kenyatta. Watu wakashangilia. Lakini sanamu ni jiwe na shaba. Kiti je?

Ardhi ya jamaa ile ilirithiwa kama cheo kilivyorithiwa, wa nne akafuata wa tatu, na wa tano akafuata wa nne. Waafrika waliopata mashamba katika mpango wa eka milioni moja, ulioanza 1962, waliyapata kwa deni, wakalipa kwa miaka mingi bei ya ardhi ambayo babu zao hawakulipwa kitu walipoipoteza. Katiba ya mwaka 2010 ilisema asiye raia hawezi kushika ardhi zaidi ya miaka 99, na mikataba ya miaka 999 ikakatwa. Ni hatua, nasi twaipokea. Lakini hatutaki kumhukumu mtoto kwa kosa la babu. Tukikataa cheo cha kurithi, lazima tukatae na hatia ya kurithi. Tunachodai ni kwamba lisiwepo shamba, wala kiti, wala sheria, ambayo mtu anaipata kwa kuwa baba yake alikuwa nayo, na mwingine anaikosa kwa kuwa baba yake alinyang'anywa.

Waingereza wenyewe wamechoka. Mwaka 1999 waliwatoa malodi wengi wa kurithi katika Bunge lao, wakabakiza 92. Aliyekufa katika hao 92 alijazwa kwa uchaguzi, na uchaguzi wenyewe ulikuwa kichekesho. Mwaka 2016 kiti kimoja kiligombewa na watu 7, na wenye haki ya kupiga kura walikuwa 3. Mwaka 2024 serikali yao ilipeleka mswada wa kuwaondoa hata hao waliobaki. Basi waliotuletea ubwana huo wanautupa. Je, sisi tunauokota?

MALODI WETU SISI

Hapa ndipo penye uchungu, na hapa tutawaudhi wengine. Katika nchi yetu huru, mtu akifa na kiti cha bunge, kabla ya udongo kukauka twasikia mwanawe au mjane wake ndiye "anayefaa". Twamwita mtoto wa fulani, na kwa jina hilo twampa kura, bila kumwuliza amefanya kazi gani. Huyo naye ni "wa pili". Akimwachia mwanawe, tutakuwa na "wa tatu", na hatutahitaji tena Mwingereza atufundishe.

Na chama chetu je? Ada yetu hukatwa kila mwezi kabla hatujauona mshahara. Uchaguzi ni kila miaka mitano. Lakini ni mara ngapi tumefika mkutanoni tukaambiwa, "Mwenyekiti hana mpinzani," tukapiga makofi, tukarudi nyumbani? Ni mara ngapi hesabu imesomwa mbiombio, kama kondakta anayetaka abiria wasihesabu chenji? Mtu akikaa kitini miaka ishirini bila kupingwa, hana haja ya kuzaliwa lodi. Sisi tumemzaa.

Kumbukeni mwaka 2006. Reli ilikodishwa kwa miaka 25. Mwaka 2017 mkataba ukavunjwa. Kati ya miaka hiyo kazi zilipotea, na nyumba za reli zikatiwa mashaka. Mkataba ulipoandikwa, nani wa gengi, nani wa karakana, alikuwa mezani? Asiyekuwapo na lake halipo. Neno hilo lilikuwa kweli mwaka 1907, na lilikuwa kweli mwaka 2006. Tofauti ni kwamba mwaka 1907 mlango ulifungwa kwa sheria. Siku hizi mlango uko wazi, na sisi hatuingii.

Basi twaomba mambo manne. Kwanza, kila mwanachama aje mkutanoni siku ya kura, hata aliyetoka zamu ya usiku. Pili, kila kiti kiwe na wagombea wawili au zaidi, na vijana wasimame bila kuambiwa wangoje wazee wafe. Tatu, hesabu ibandikwe ukutani siku 14 kabla, ili kila mtu aisome kwa macho yake. Nne, asichaguliwe mtu kwa jina la baba yake, wala asikataliwe mtu kwa jina la baba yake.

Kiongozi wetu wa leo akiona maneno haya yanamchoma, asikasirike. Asimame, aeleze kazi yake, ashindane, na akishinda tutamfuata kwa moyo mmoja. Kiti alichokipata kwa kura kitakuwa na nguvu mbele ya mwajiri kuliko kiti alichokikuta kimepashwa moto.

Na siku nyingine basi likisimama Naivasha, na mtoto akiuliza Delamere ni nani, msimwambie ni maziwa. Mwambieni alikuwa mtu mwenye bidii, aliyekuwa na viti viwili katika nchi ambayo mamilioni hawakuwa na kimoja, na kwamba hatutaki mwingine kama huyo, awe mweupe au mweusi.

Umoja ni nguvu.

Ni sisi wenzenu, wafanya kazi wa reli, Nakuru.